Riwaya Sita Nilizosoma Juzi, na Swali Moja la Kujiuliza Ukisoma Yako

Riwaya ya mwisho uliyosoma mpaka ukurasa wa mwisho ilikuwa gani? Kama jibu lako ni setbook ya Form Four, tulia, hauko peke yako. Wengi wetu tulisomeshwa vitabu kama dawa ya minyoo. Taja maudhui matano, eleza sifa za mhusika mkuu, alama ishirini. Ukimaliza mtihani, unamaliza na vitabu.

Mimi nilirudi kusoma baada ya kuhepa chuo. Nilikuwa na muda mwingi na doo kidogo, na kule tao kuna wale wasee wa inama bookshop, wanaotandika vitabu chini kwa gunia, unainama kuchagua. Ukiwa na soo mbili na mdomo mtamu, unaenda home na kitu. Miezi michache iliyopita nimemaliza riwaya sita hivi, zote zile ambazo watu husoma wenyewe bila kushikiwa kiboko. Sasa nakupea maoni yangu moja kwa moja. Mwisho wa hadithi siuzi, usijali.

Ila kwanza nikupe swali moja ambalo nimekuwa nikilibeba kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Ukisoma riwaya yoyote, usiulize tu nani ndiye stelingi. Uliza hivi: huyu stelingi akimaliza mambo yake, nani anabaki akisafisha?

Swali hilo nililitoa kwa kitabu cha kwanza, na huko kusafisha ni kusafisha kabisa, na ndoo na jiki.

1. My Sister, the Serial Killer – Oyinkan Braithwaite

Hii ilitoka 2018 na inafanyika Lagos, Nigeria. Korede ni nesi. Mdogo wake Ayoola ni mrembo hatari, na ana tabia moja mbaya: machali wake wanakufa, na yeye ndiye anawaua. Kitabu kinaanza akiwa ameshaangusha wa tatu, na anampigia Korede simu. Korede hapigi nduru. Anabeba vifaa vya kusafisha, anaenda.

Sura ni fupi, zingine hazijazi hata ukurasa mmoja. Unaweza kuanza kwa mat jam ya Thika Road na ufike mtaani ukiwa umemeza robo. Ni hadithi ya kuchekesha na ya kuogofya kwa pamoja, na hiyo si kazi rahisi.

Kilichonishika si damu. Ni vile kila mtu anamwona Ayoola, na hakuna anayemwona Korede. Tade, yule daktari ambaye Korede anamzimia kimyakimya, alinikera sana. Msomi mzima, lakini macho yake yanafika kwa uso wa Ayoola yanagota hapo. Halafu ukipewa historia ya baba yao, unaanza kuelewa kwa nini hawa wasichana wawili wameshikana hivyo.

Hukumu yangu: kama umekaa miaka bila kusoma, anza na hii. Na kama wewe ndiye firstborn kwenu, utajiona mpaka uweke kitabu chini kidogo.

2. It Ends With Us – Colleen Hoover

Najua. Umeona klipu zote za TikTok, umeona wasichana wakilia mbele ya kamera, na filamu ilitoka 2024. Nilikuwa nimeapa sitasoma. Nikasoma, na nimekuja kukubali mbele ya watu kwamba nilikuwa na makosa nusu.

Lily Bloom anafungua duka la maua Boston, Marekani. Anakutana na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, msee amejipanga. Theluthi ya kwanza ni mapenzi ya kawaida, na nilikuwa karibu kuitupa. Kisha Ryle anainua mkono.

Hapo ndipo Hoover alinipata. Mara ya kwanza Ryle anamuumiza Lily, mimi mwenyewe nilianza kumtetea kichwani. Ilikuwa ajali, alikuwa na presha, hakukusudia. Nikashtuka, kwa sababu hayo ndiyo maneno tunayosikia ukutani usiku kwa jirani, na kesho yake tunasalimia kama kawaida. Lily naye alikua akiona baba yake akimpiga mama yake, na akiwa mdogo alimhukumu mama kwa kukaa. Kitabu kinamrudishia hilo deni polepole. Hoover amesema hadithi imetokana na maisha ya mama yake, na unaweza kuhisi.

Nusu nyingine haikuniingia. Atlas, yule jamaa wa zamani, anarudi akiwa na mkahawa wake, mpole, tayari kuokoa. Ni mzuri kupita kiasi. Tena Lily ana duka, ana rafiki mwenye pesa, ana mahali pa kwenda. Kwetu mtaani kuna mama ambaye keja ni moja, rent inalipwa na huyo huyo anayempiga, na watoto wako shule ya karibu. Huyo hana Atlas. Kitabu hakijakosea kwa kutomwandika, lakini ukikimaliza usikimbie kumwuliza mtu wa kwenu "kwani si utoke tu?"

Hukumu: soma, lakini usikiweke juu ya kabati kama Biblia ya mapenzi. Hicho si kitabu cha romance. Ni onyo lililovaa maua.

3. Going Down River Road – Meja Mwangi

Sasa turudi Nairobi. Hii ni ya 1976, na nakuambia ukiondoa bei za vitu unaweza kudhani iliandikwa mwaka jana. Ben alikuwa jeshini, akafukuzwa, sasa ni mtu wa mjengo. Wanajenga jumba kubwa linaitwa Development House, ghorofa baada ya ghorofa, na yeye na beshte yake Ocholla wanalala kwa vibanda na kunywa mshahara wote.

Ben anaishi na Wini, mwenye mtoto anayeitwa tu Baby. Siku moja Wini anahepa na bosi wake. Mtoto anabaki, na Ben ndiye anabaki naye. Si wake. Hampendi hata. Lakini hawezi kumtupa.

Wengi wanasifu hii kitabu kwa sababu ya vituko vya Ben na Ocholla, na kweli utacheka mpaka watu wa mat wakuangalie. Mimi nilikuwa naangalia yule mtoto. Yuko kwa kila ukurasa pembeni, ana njaa, anakojoa kitandani, hana jina lake mwenyewe. Watu wazima wote wanafanya drama zao, na bili inaishia kwa Baby. Na Ben, mlevi na mkali, ndiye polepole anajifunza kuwa mtu kwa sababu ya huyo mtoto. Mwangi hakuhubiri hata mara moja.

Kasoro iko. Wanawake humu wanaonekana kwa macho ya wanaume walevi tu. Wini anaondoka na hatupewi nafasi ya kusikia upande wake hata kidogo. Weka hilo akilini, tunalihitaji sasa hivi.

Hukumu: ukiwahi kushuka mat River Road na hujasoma hii, unadaiwa.

4 na 5. My Life in Crime na My Life with a Criminal: Milly's Story – John Kiriamiti

Hizi mbili zinakuja pamoja, na ndizo sababu ya mimi kuandika hii makala.

Kiriamiti alikuwa jambazi wa ukweli. Alifungwa mwaka wa 1971, akaandika akiwa jela, na My Life in Crime ikatoka 1984. Stelingi anaitwa Jack Zollo. Anaacha shule akiwa na miaka 15, anaanza kuchomoa watu mifuko, halafu anapanda cheo mpaka benki. Kila kijana wa Nairobi amesikia hiyo kitabu. Kopi niliyonunua ilikuwa imepita mikono mingi mpaka kava imeshikwa na selotepu.

Na ni tamu, tusidanganyane. Magari, pesa, karao wakipigwa chenga. Niliisoma siku mbili. Mimi pia niliacha masomo, sikuiba chochote, lakini ile sauti ya Zollo niliijua: sauti ya msee mwerevu ambaye shule ilikuwa ndogo kwake. Hivyo ndivyo nilikuwa nikijieleza kwa mbogi. "Niliona mfumo hauna maana, nikatoka." Ikitamkwa vizuri inakaa ushujaa.

Halafu nikapata ya Milly. Ilitoka 1989, mwandishi ni huyo huyo, lakini sasa anayesimulia ni mpenzi wake. Milly alimpenda jamaa kabla ya kujua kazi yake. Zile safari za Zollo zilizokuwa za kusisimua kwa kitabu cha kwanza, hapa ni msichana amekaa ndani hajui mtu wake yuko wapi. Matukio ni yale yale. Ladha ni nyingine kabisa. Kile Wini hakupewa na Ben, Milly anapewa.

Niliimaliza saa nane usiku na sikulala vizuri. Kwa sababu mimi nilikuwa nimesimulia hadithi yangu ya chuo mara mia, na katika hizo mara zote, Mathe hakuwa ndani.

Fee ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa loan ya chama chake. Wanawake watano walimwekea sahihi. Mimi nilihepa mwaka wa pili bila kumwambia, nikakaa muda mrefu nikijifanya bado naenda class. Sikuwahi kuuliza ile loan iliishaje.

Asubuhi nikampigia simu, nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Ilibaki miezi saba baada ya wewe kutoka. Nikamaliza. Umekula?"

Hiyo tu. Hakuna kelele. Miezi saba alikuwa akilipia kiti ambacho hakuna mtu alikuwa amekalia, na kila Jumapili ya chama aliwaangalia wale wanawake watano machoni. Mimi nikiwa mtaani na story zangu za mfumo.

Sikuambii nilibadilika nikawa malaika. Sijarudi chuo, na bado naamini ile kozi haikuwa yangu. Lakini siku hizi nikisimulia, naanza na ile loan. Hadithi inakuwa fupi, na haina ushujaa sana.

Hukumu: usisome ya Zollo kisha uachie hapo. Ukifanya hivyo umesikiza kesi upande mmoja.

6. Siku Njema – Ken Walibora

Nilihitaji kitu cha kuniosha moyo, nikachukua hii. Ilitoka 1996, na wakubwa wetu waliisoma shuleni kama setbook. Marehemu Walibora alituacha Aprili 2020, na mpaka leo ukitaja jina lake kwa watu wa umri fulani, watakuambia walikuwa wapi waliposoma Siku Njema.

Msanifu Kombo anakulia Tanga, Tanzania, na mama yake Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarab. Mama anapofariki, kijana anateseka, na mwishowe anavuka kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumjua. Safari inafika mpaka kule Kitale na Kapenguria.

Kasoro yake ni bahati. Mara kadhaa watu wanakutana pale pale wanapohitajika, hadi unasema aki hapana. Lakini Kiswahili chake! Mimi ni mtu wa Sheng, na nilijikuta nasoma aya kwa sauti peke yangu kwa keja, nikionja maneno tu. Na hapa anayesimulia ndiye yule aliyeachwa. Fikiria Baby wa River Road amekua, amepata jina, na sasa anakueleza mwenyewe ilivyokuwa. Kwa hilo pekee namsamehe Walibora bahati zake zote.

Hukumu: kama Kiswahili cha shule kilikuumiza, hiki kitakutibu.

Sasa wewe uanzie wapi?

Kama una muda mfupi, Braithwaite. Kama unataka kucheka na kuumia, Mwangi. Kama unataka lugha, Walibora. Kama uko kwa uhusiano ambao unakufanya uhesabu maneno kabla ya kuongea, soma Hoover, halafu tafuta mtu mmoja unayemwamini mwongee. Na kama wewe ni kijana unayejiona Zollo, tafadhali nunua na ya Milly siku hiyo hiyo.

Kuhusu kununua: ya mtumba haina shida, kitabu kilishalipiwa mara ya kwanza. Lakini ukiona karatasi ni nyeupe mno, herufi zimefifia na kurasa zimepinda upande, hiyo ni ya kupigwa photocopy, na mwandishi hajaona hata shilingi. Ukiwa huna doo kabisa, maktaba ya umma iko, na mtu wa kukukopesha hakosi ukijua kurudisha.

Ukisoma, beba lile swali. Nani anabaki akisafisha? Korede na jiki yake, Lily na mama yake, Baby, Milly, Msanifu. Mwandishi mzuri atakuonyesha huyo mtu, hata kama ni kwa kona ya ukurasa. Asipokuonyesha, mtafute mwenyewe.

Na ukishamaliza, angalia kama hakuna mmoja wa aina hiyo kwenu, ambaye hujampigia simu siku nyingi.