USAFI: Maji yaliyochemshwa huharibikia chupani

WAZAZI wengi huchemsha maji kwa bidii, kisha huyatia katika chupa ya mtoto ya shuleni ambayo husuuzwa tu kila asubuhi. Hiyo ni kazi bure.

Mate na uchafu unaobaki chupani hulisha viini vya maradhi, navyo hujenga utando wenye utelezi ndani ya chupa na chini ya mpira wa kifuniko. Kusuuza pekee hakuuondoi. Maji yataonekana maangavu, ilhali yamebeba viini vya kuhara.

Kila jioni, fungua kifuniko na mpira wake, usugue kila sehemu kwa brashi, sabuni na maji moto, kisha usuuze. Usitikise mchanga chupani, kwani mikwaruzo huwa maficho ya viini.

Ili kuua viini vilivyosalia, tia kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, katika lita moja ya maji safi. Tikisa, subiri angalau nusu dakika, umwage, kisha uache chupa ikauke ikiwa wazi. Kamwe usichanganye klorini na siki, kwani hutoa gesi yenye sumu.