Uuguzi wa wagonjwa wa baridi yabisi

Uuguzi wa wagonjwa wa baridi yabisi ni huduma ambayo wauguzi huwapa watu wenye magonjwa yanayovimbisha viungo. Huduma hiyo ni pamoja na kutambua ugonjwa mapema, kumfundisha mgonjwa, kusimamia usalama wa dawa na kumfuatilia kwa miaka mingi. Katika mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, daktari bingwa wa viungo yuko mbali na vijiji vingi, hivyo mara nyingi muuguzi ndiye mtaalamu wa afya anayeonana na mgonjwa zaidi ya wengine.

Ugonjwa

Katika mazungumzo ya kawaida jina baridi yabisi hutumika kwa karibu kila maumivu ya viungo, na wengi huamini kwamba chanzo chake ni baridi. Upepo na baridi ya Juni na Julai huweza kuongeza maumivu, lakini si chanzo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando laini wa ndani ya viungo. Utando huvimba, kisha gegedu na mfupa huanza kuliwa. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya umri wa miaka 30 na 60, na huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume.

Magonjwa mengine ya kundi hili ni jongo, linalosababishwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, na yabisi ya watoto, inayoanza kabla ya umri wa miaka 16. Kusagika kwa viungo kwa wazee ni jambo tofauti.

Mfupa ulioliwa haurudi tena. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa katika miezi 3 ya kwanza. Mama anayeambiwa kila mara "ni baridi tu" na kupewa vidonge vya maumivu anaweza kupoteza vidole vyake kabla hajapata jina la ugonjwa wake.

Kutambua mapema

Katika zahanati, muuguzi anaweza kuushuku ugonjwa bila kipimo chochote. Dalili kuu ni hizi:

- viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa;
- uvimbe wa viungo vidogo vya mikono au miguu, mara nyingi pande zote mbili;
- maumivu makali mgonjwa akiminywa kiganja kwenye vifundo vya vidole;
- hali hiyo kudumu kwa wiki kadhaa.

Mgonjwa wa namna hii anafaa kupewa rufaa mapema, ikiwezekana ndani ya wiki 6 tangu dalili zianze.

Muuguzi hufikiria pia magonjwa yanayofanana na huu. Kiungo kimoja kilichovimba na kupata moto, pamoja na homa, ni dharura, kwani huenda kina usaha. Mtoto mdogo mwenye vidole vilivyovimba anaweza kuwa na selimundu. Maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya mtoto kuumwa koo yanaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu moyo. Mtoto huyo huhitaji sindano za penisilini kila baada ya wiki 3 hadi 4 kwa miaka mingi, na kwa kawaida muuguzi ndiye anayezichoma. Kwa wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, muuguzi hukumbuka ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao huleta homa na maumivu ya viungo kwa binadamu.

Ngazi za huduma

Mgonjwa huanzia zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Akihitaji zaidi hupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, takriban kilomita 240 kutoka Singida mjini, au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Daktari au tabibu ndiye anayethibitisha ugonjwa na kuandika dawa. Muuguzi humfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani.

Usalama wa dawa

Dawa kuu ya baridi yabisi ni methotreksati, na humezwa mara moja tu kwa wiki. Kidonge kidogo kina miligramu 2.5, hivyo mgonjwa humeza vidonge kadhaa kwa siku hiyo moja. Aliyezoea maelekezo ya "kutwa mara tatu" anaweza kuimeza kila siku, na kosa hilo huharibu uboho na linaweza kuua. Kwa hiyo muuguzi hukubaliana na mgonjwa siku moja, kwa mfano Ijumaa au Jumapili, huiandika kwenye bahasha ya dawa, kisha humwomba arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe.

Mambo mengine ya kusimamia ni haya:

- kupima damu na ini kwa vipindi, na kuacha pombe;
- kumeza asidi foliki kama ilivyoandikwa;
- uzazi wa mpango, kwa kuwa methotreksati huharibu mimba;
- kuepuka Septrini na SP, ambazo zikichanganywa na methotreksati huweza kudhuru uboho;
- kuchunguza kifua kikuu, kwa kuwa baadhi ya dawa hupunguza kinga;
- kutoacha prednisoloni ghafla;
- kutotumia diklofenaki au ibuprofeni mfululizo bila ushauri, kwani huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Muuguzi huuliza pia kuhusu dawa za kienyeji, tena bila kukemea. Mgonjwa aliyekemewa huficha.

Maisha ya kila siku

Kazi za Singida ni za mikono: kulima, kung'oa vitunguu, kupukuchua alizeti, kutwanga na kusonga ugali. Muuguzi humshauri mgonjwa anyanyue sufuria kwa mikono miwili, anenepeshe mpini wa mwiko au jembe kwa kuufunga kitambaa, agawe kazi nzito kwa siku kadhaa, apumzishe kiungo kilichovimba na kukinyoosha taratibu uvimbe ukitulia. Pia huzungumza na familia, kwa sababu mtu anayeshindwa kufunga vifungo asubuhi na kutembea vizuri mchana huitwa mvivu kwa urahisi.

Mafunzo na uthibitisho

Tanzania Bara, Baraza la Uuguzi na Ukunga huwasajili wauguzi na kuwapa leseni chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Barani Ulaya, EULAR, shirikisho la vyama vya magonjwa ya viungo, lilichapisha mwaka 2012 mapendekezo kuhusu kazi ya wauguzi kwa wagonjwa hawa. Mwaka 2014 Mwidimi Ndosi na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika kliniki 10 za Uingereza. Ulionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi waliohudumiwa na wauguzi waliobobea hawakuwa na hali mbaya kuliko waliohudumiwa na madaktari bingwa. Wauguzi hao walikuwa na mafunzo maalumu na maabara karibu, mambo ambayo zahanati nyingi za vijijini bado hazina.

Tazama pia

- Jongo
- Selimundu
- Uuguzi
- Mkoa wa Singida