Samaki wako wanakufa? Usikimbilie duka la dawa

Jumatatu moja asubuhi mzee mmoja mstaafu aliingia katika kliniki yangu, akaketi na kuniambia kwamba yeye hakuwa mgonjwa.

"Daktari, wanaougua ni samaki wangu," alisema. "Nimekuja uniandikie tetrasaiklini, tembe mia mbili. Yule wa duka la dawa amekataa kuniuzia bila karatasi yako."

Alikuwa na vidimbwi viwili vya ngege nyumbani kwake mashambani. Kila kulipopambazuka, kijana anayevitunza alimpigia simu kumweleza ni samaki wangapi wamekutwa wakielea. Jirani alikuwa amemshauri avunje tembe na kuzichanganya na pumba.

Sikumwandikia. Lakini tuliongea kwa muda mrefu kuliko ninavyoongea na wagonjwa wengi, na swali lake linawahusu wasomaji wengi wa ukurasa huu. Baadhi yenu mna vidimbwi mnavyosimamia kwa simu mkiwa mjini. Na hata asiye na kidimbwi hula samaki.

Samaki wa kufugwa ni wengi

Ufugaji wa samaki ulipata nguvu nchini mwaka wa 2009, wakati serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi. Mpango huo ulilenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Baadaye vizimba vya samaki vikaongezeka katika Ziwa Victoria.

Hilo ni jambo jema. Samaki ni chakula chenye protini nzuri, na ningefurahi kuona familia nyingi zaidi zikimla.

Tatizo ni kwamba viumbe wakisongamana mahali pamoja, maradhi husambaa upesi. Miongoni mwa bakteria wanaowasumbua ngege ni Aeromonas na Streptococcus. Samaki hutokwa na vidonda, macho hutumbuka, tumbo hufura, na mwisho hufa. Mfugaji aliyekopa pesa za vifaranga na chakula akiona hivyo, si ajabu akitafuta dawa yoyote iliyo karibu.

Kwa nini nilikataa

Dawa za ukoo wa tetrasaiklini bado tunazihitaji sana hospitalini. Ndizo tunazotumia kutibu ugonjwa wa bruselosi, ambao watu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Hutumika pia katika kutibu kipindupindu.

Sasa fikiria kinachotokea kidimbwini. Samaki aliyeugua sana hali chakula, kwa hivyo dawa huliwa na wale wazima. Inayobaki huzama topeni. Huko matopeni kuna bakteria wasiohesabika, na dawa huwafikia kwa kiasi kidogo kisichotosha kuwaua wote. Wanaonusurika huzaana, na wanaweza kuwapa bakteria wa aina nyingine ule uwezo wao wa kuishinda dawa.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitoa onyo kama hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Alisema kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kidogo mno, vijidudu hujifunza kuihimili. Usugu huo ukifika kwa binadamu, mgonjwa humeza tembe na asipone.

Kuna hatari nyingine. Mwaka wa 2001 na 2002, nchi za Ulaya zilipata mabaki ya dawa ya kloramfenikoli katika kamba walioagizwa kutoka bara la Asia. Kwa watu wachache dawa hiyo huzuia uboho wa mifupa kutengeneza damu, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama chakulani. Ndiyo sababu Ulaya ilikuwa imeipiga marufuku kwa mifugo tangu 1994.

Msaada kutoka jikoni

Je, mfugaji afanye nini? Kwa miaka mingi sasa watafiti wamekuwa wakijaribu mimea ambayo wengi wetu tunaijua: kitunguu saumu, tangawizi, manjano, habasoda, mlonge na mwarobaini. Nia yao si hasa kumtibu samaki aliyekwisha kuugua, bali kumwimarisha kabla ugonjwa haujaingia.

Kitunguu saumu ndicho kilichochunguzwa sana. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, mjini Edinburgh, Uskoti, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya samaki aina ya trauti. Kundi moja lilipewa chakula kilichochanganywa na kitunguu saumu kwa siku 14, kipimo kikiwa gramu 5 au 10 kwa kila kilo ya chakula. Kundi jingine lilikula chakula cha kawaida. Kisha wote wakaambukizwa bakteria wa Aeromonas. Waliokula chakula cha kawaida walikufa asilimia 88. Kati ya wale waliokula kitunguu saumu, vifo vilishuka hadi asilimia 4.

Nchini Misri, nchi inayoongoza barani Afrika kwa kufuga ngege, watafiti wamekijaribu kitunguu saumu kwa ngege wenyewe na kupata kwamba kinawasaidia kukua na kuishi.

Husaidia namna gani? Kitunguu saumu kikipondwa hutoa kemikali iitwayo alisini, ile yenye harufu kali, ambayo huzuia bakteria kukua. Isitoshe, chembechembe nyeupe za damu ya samaki huchangamka na kumeza vijidudu kwa bidii zaidi. Harufu yake pia huweza kumtia samaki hamu ya kula.

Anayetaka kujaribu akumbuke kwamba alisini haimo ndani ya punje nzima. Hutokea punje inapopondwa, na moto huizuia kutokea. Ponda kitunguu, kiache kwa dakika kumi hivi, kisha kichanganye na chakula kisicho moto. Mafuta kidogo ya kupikia husaidia kukishikanisha na chakula kisiyeyukie majini. Tengeneza kiasi cha siku chache tu.

Mmea pia unaweza kudhuru

Wapo wanaodhani kwamba kitu kikitoka shambani hakina madhara. Wagonjwa wangu hunieleza hivyo kila wiki, nami huwajibu kwamba hata sumu nyingi hutoka kwenye mimea.

Mwarobaini ni mfano mzuri. Maji yake yakiwa makali huua samaki, kwa hivyo kumimina ndoo ya majani yaliyopondwa kidimbwini ni kujitafutia hasara. Mlonge una protini nyingi, lakini pia una vitu vinavyozuia chakula kusagika vizuri. Utafiti uliofanywa kwa ngege ulionyesha kwamba majani yake yanaweza kuchukua nafasi ya takriban asilimia 10 ya protini ya chakula. Yakizidi hapo, samaki hudumaa. Nazo mbegu za papai hupunguza uwezo wa ngege kuzaa. Anayetaka kuzuia kidimbwi kisijae vifaranga ataona hiyo ni faida, lakini anayeuza vifaranga atalia.

Kisha kuna ukungu. Pumba au mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini la samaki sawa na inavyoharibu ini la binadamu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao katika eneo la Ukambani. Chakula kilichooza hakiponywi na kitunguu saumu. Kitupe.

Maji kwanza

Narudi kwa yule mzee. Nilimwuliza samaki hufa saa ngapi. Akajibu kwamba huwa ni alfajiri, na kabla ya kufa huonekana juu ya maji wakipanua midomo. Je, walikuwa na vidonda? Hapana. Maji yalikuwa na rangi gani? Kijani kibichi, kama supu ya mboga. Mbolea ya kuku ilikuwa ikimwagwa humo kila juma.

"Mzee," nikamwambia, "naona samaki wako wanakosa pumzi."

Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huivuta kama sisi. Ikiwa mingi mno, oksijeni huwa imekwisha kulipokaribia kucha. Hakuna tembe wala kitunguu kinachoweza kuongeza hewa majini. Hata vifo vingi vya samaki wa vizimba vilivyotokea Ziwa Victoria mwaka wa 2022 vilihusishwa na upungufu wa oksijeni.

Nilimshauri aache mbolea, apunguze chakula, aingize maji mapya, na amwite afisa wa samaki wa kaunti akayapime. Aliporudi baada ya miezi miwili kupimwa shinikizo la damu, aliniambia vifo vilikuwa vimekoma katika juma la pili. Tetrasaiklini ingemgharimu pesa, na samaki wangeendelea kufa.

Hata nchi zilizoendelea zilijifunza hivyo. Mwaka wa 1987 wafugaji wa samaki nchini Norway walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Walipoanza kuwachanja samaki na kuboresha usafi, matumizi yalishuka chini ya tani 2 kabla ya mwaka 2000, ingawa samaki waliofugwa walikuwa wameongezeka mara kadhaa.

Ushauri wangu

Kwa mfugaji: anza na maji safi, usijaze samaki kupita kiasi, na hifadhi chakula mahali pakavu. Kitunguu saumu kije baada ya hayo, kwa kipimo. Samaki wakiugua, peleka wawili watatu wakapimwe kabla ya kununua dawa yoyote. Antibiotiki itumike tu kwa agizo la daktari wa mifugo, na usiuze samaki kabla ya muda aliokuwekea kwisha.

Kwa mnunuzi: muulize muuzaji samaki wametoka wapi na walilishwa nini. Angalia macho yaliyo maangavu, matamvua mekundu na nyama iliyokaza, kisha umpike hadi aive kabisa. Na usidanganywe kwamba samaki aliyelishwa kitunguu saumu atakutibu shinikizo la damu. Faida yako ni nyingine: kila tembe ya antibiotiki ambayo haikutupwa kidimbwini ina nafasi kubwa zaidi ya kufanya kazi siku mtoto wako atakapoihitaji.