Jedi wa mwisho: mmoja au wengi?

Filamu The Last Jedi, sehemu ya 8 ya mfululizo wa Star Wars, ilitoka Desemba 2017. Iliandikwa na kuongozwa na Rian Johnson. Ilichuma zaidi ya dola bilioni 1.3 na wahakiki wengi waliisifu, lakini ilikasirisha wapenzi wengi wa mfululizo huo, na ubishi juu yake haujaisha. Makala haya yanaitetea, kwa kuanzia na jina lake.

Kwa Kiingereza, neno Jedi halibadiliki katika umoja na wingi. Jina la filamu halituambii basi kama Jedi wa mwisho ni mtu mmoja au ni kundi. Kifaransa hakiwezi kukwepa: ni lazima kuchagua kati ya le na les, na waliofasiri walichagua wingi, Les Derniers Jedi. Kiswahili kingeweza kuuacha utata huo ulivyo, kwani hata tukisema "askari wa mwisho" idadi haijulikani mpaka kitenzi kifike: amekuja au wamekuja. Sisi tulioijua filamu kwa jina la Kifaransa tulipewa jibu kabla ya kuitazama. Lakini swali lenyewe ndilo kiini cha filamu: je, urithi wa Jedi ni mali ya mtu mmoja na ukoo wake, au ni wa yeyote?

Lawama ya kwanza inamhusu Luke Skywalker. Katika Return of the Jedi (1983), alikataa kumwua baba yake. Angewezaje basi kuwasha upanga wa nuru juu ya mpwa wake aliyelala? Hata Mark Hamill, anayemwigiza Luke, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na mwelekeo huo. Lakini tukumbuke vizuri filamu ya 1983: kabla ya kuutupa upanga, Luke alimpiga baba yake kwa hasira hadi kumkata mkono. Huruma yake ilikuja baada ya ghadhabu. Kosa lake la baadaye ni la mtu yuleyule.

Tena, usiku ule unasimuliwa mara tatu. Kwanza Luke anasimulia na kuuficha upanga. Kisha mpwa wake, Kylo Ren, anasimulia kwamba mjomba alikuja kumwua. Mwishowe Luke anaungama: wazo lilimjia, likapita mara moja, akabaki na aibu, na kijana alikuwa ameshaamka. Kwa mwanafunzi wa fasihi hili si geni. Ni somo la msimuliaji asiyeaminika. Filamu haimvunji shujaa kwa kupenda kumvunja. Inaonyesha jinsi sifa zake zilivyojengwa, na alichokiacha nje ya masimulizi.

Lawama ya pili inahusu wazazi wa Rey. The Force Awakens (2015) ilikuwa imewaacha kama fumbo, na kwa miaka miwili watazamaji walimtungia nasaba za kila aina. Jibu la Johnson ni kwamba walikuwa watu wasio na jina, waliomwuza binti yao ili wapate pesa za kunywa. Wengi waliona wamedanganywa. Mimi naona mantiki. Mwaka 1980, jibu gumu kuliko yote kwa Luke lilikuwa kwamba adui ni baba yake. Kwa Rey, jibu gumu kuliko yote ni kwamba hakuna ukoo unaomngojea: itambidi aamue mwenyewe yeye ni nani. The Rise of Skywalker (2019) ililifuta jibu hilo na kumfanya mjukuu wa Palpatine. Ukoo ukarudi kutawala.

Lawama moja naikubali. Safari ya Finn na Rose kwenda Canto Bight ni ndefu, na filamu yenyewe ina dakika 152. Lakini kuikosoa safari hiyo ni jambo moja. Matusi, pamoja na ya kibaguzi, aliyotupiwa Kelly Marie Tran, mwigizaji wa Rose, ni jambo lingine. Matusi hayo nayo yalikuwa jibu kwa swali la nani ana haki ya kuwamo katika hadithi.

Jibu la filamu linakuja mwishoni. Kwenye sayari ya Crait, Luke anasimama peke yake mbele ya jeshi bila kumpiga mtu yeyote. Mwili wake uko mbali, kisiwani. Anamwambia Kylo kwamba yeye hatakuwa Jedi wa mwisho. Kisha tunarudi Canto Bight, kwenye zizi la wanyama. Watoto watumwa wanaigiza pambano lile kwa vinyago walivyojitengenezea. Mmoja anasimulia kwa lugha tusiyoielewa, na katika maneno yake tunalitambua jina la Luke Skywalker. Watoto hao si wa ukoo wake wala hawajawahi kumwona, lakini hadithi imeshakuwa yao.