Je, Wajua? Maji Maangavu ya Ugiriki Yana Njaa

Mtalii anayekodi boti Ugiriki na kuzama kwa miwani na mrija huona sakafu ya bahari waziwazi, kisha hujiuliza samaki wamekwenda wapi. Uangavu na uchache huo vina chanzo kimoja. Kupitia mlango-bahari wa Gibraltar, Mediterania hupokea maji ya juu ya Atlantiki yasiyo na rutuba nyingi, na kwa chini hutoa yenye rutuba zaidi. Mashariki yake fosfeti ni haba mno, hivyo mimea midogomidogo inayotia maji ukungu haistawi, na walaji wake ni wachache.

Utasema ni uvuvi uliokithiri. Umechangia, kweli, lakini uvuvi hauyang'arishi maji. Wala uangavu si cheti cha afya: kusini mwa Bahari ya Aegean, tasi walioingia kupitia Mfereji wa Suez (ndiyo, jamaa ya tasi wa pwani yetu) wamekwangua mwani hadi miamba ikabaki mitupu. Samaki wadogo hujificha kwenye nyasi za posidonia, ambazo huota taratibu sana na nanga za boti huzing'oa. Nahodha mwangalifu hushusha nanga kwenye mchanga mweupe, si kwenye doa jeusi la nyasi hizo.