Sababu ya Gugu Maji Kuenea Upesi

Tangu mwaka 1990 hivi, wakaaji wa kando ya Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hata Homa Bay, wamepambana na gugu maji, mmea wenye maua mazuri ya rangi ya zambarau. Gugu hili huziba bandari, hunasa mitumbwi na kuwazuia wavuvi wasitupe nyavu zao. Mwaka 1998 lilifunika hekta zipatazo 17,000 katika Ghuba ya Winam. Je, nguvu hizo limezipata wapi?

Asili yake ni nchi za mto Amazon, Amerika ya Kusini. Huko mimea yake hutofautiana, kama watoto wa nyumba moja wanavyotofautiana kwa sura na tabia walizorithi. Watu walioyapenda maua yake walichukua mimea michache, wakaipanda katika vidimbwi vya bustani katika nchi za mbali. Kwa hiyo tofauti nyingi zilibaki nyuma. Wataalamu waliochunguza chembe za urithi wameona kwamba sehemu kubwa ya gugu maji lililoenea duniani ni kama mmea mmoja tu uliokatwa vipande vingi.

Gugu hili hutoa mbegu, lakini halizitegemei. Hutoa vikonyo juu ya maji, na kila kikonyo huzaa mche ulio sawasawa na mama yake, kama vile mkulima apandavyo marando ya viazi vitamu. Maji yenye joto, pamoja na mbolea na taka ziletwazo na mito, yanamfaa mama. Basi yanawafaa binti zake wote. Kipande kimoja kilichonasa katika mtumbwi chatosha kuanzisha shamba zima.

Hata hivyo, kufanana huku ni udhaifu pia, kwa maana adui amwezaye mmoja aweza kuwaweza wote. Mwaka 1997 wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, walao gugu maji, walifunguliwa katika ziwa upande wa Kenya.

Jambo lililotokea Australia laonyesha hatari ya gugu lenye namna nyingi. Gugu moja la mashamba ya ngano huko lilikuwa na namna tatu: la majani membamba, la majani ya kadiri na la majani mapana. Mwaka 1971 ulipelekwa ugonjwa wa kutu kutoka Ulaya ili uliangamize. Lile la majani membamba lilipungua sana, lakini zile namna nyingine hazikudhurika, zikaenea mahali pake.

Basi yafaa kila mvuvi asafishe mtumbwi na nyavu zake kabla ya kwenda maji mengine, na gugu ling'olewalo likaushwe mbali na ufuko. Wala mtu asilete gugu maji kutoka nchi nyingine kwa kupenda maua yake. Adui mwenye sura moja ametutosha; tusimwongezee sura nyingine.