Dawa na Neno la Kuaminika: Kazi Isiyoonekana ya Mfamasia wa Rusizi

Mtu asimamaye Kamembe, katika Wilaya ya Rusizi ambayo wengi wangali wakiiita Cyangugu, huziona nyumba za Bukavu ng'ambo ya maji kwa macho matupu. Akishuka kusini mpaka bonde la Bugarama, hufika pembe ambako Rwanda, Burundi na Kongo hukutana. Mahali kama hapo bidhaa haikosi njia ya kupita, na dawa nayo ni bidhaa. Boksi moja limeandikwa kwa Kifaransa, la pili kwa Kiingereza, na mama aliyekuja kulichukua huzungumza Kinyarwanda au Kiswahili. Kati ya boksi na mama huyo amesimama mfamasia.

Wananchi wengi hudhani kwamba kazi ya mfamasia ni kusoma cheti cha daktari, kuhesabu vidonge na kuvitia katika bahasha. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Yampasa pia ajue kama dawa hii yafaa kwa mjamzito, kama yapatana na dawa ya shinikizo la damu anayoimeza mzee nyumbani, na kama kipimo kilichoandikwa kinalingana na uzito wa mtoto. Hapana binadamu awezaye kuyaweka yote hayo kichwani. Hana budi kufungua kitabu au mwongozo, na papo hapo ndipo linapozuka swali lenye kubeba uhai wa watu: afungue kitabu gani, na aliamini neno la nani?

YALIYOTOKEA ITURI

Kuanzia Desemba 2014, vituo vya afya vya Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, vilianza kupokea wagonjwa waliokakamaa misuli ya uso, shingo na mikono, watoto wadogo wakiwa wengi miongoni mwao. Kwa kuwa kukakamaa kwa shingo ni dalili ijulikanayo ya homa ya uti wa mgongo, ugonjwa huo ndio uliodhaniwa kwanza. Vipimo havikuuthibitisha. Uchunguzi wa maabara ndio uliofichua jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: wagonjwa walikuwa wamemeza haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ilhali wao na waliowapa walijua kuwa ni diazepamu. Vidonge vilikuwa bandia. Mpaka Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekwisha kuandikwa katika orodha ya waliodhurika, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa onyo kwa mataifa mwaka huohuo.

Kisa hicho chastahili kuangaliwa kwa makini na kila mtu ashughulikaye na dawa, kwani chaonyesha kwamba habari za dawa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya vitabu. Kitabu chochote kizuri cha dawa hueleza kuwa haloperidoli huweza kukakamaza misuli namna ile, na kwamba dawa kama biperideni huilegeza. Lakini ni nani angefungua ukurasa wa haloperidoli, na hali chombo kimeandikwa diazepamu? Aina ya pili ni habari za maonyo: dawa gani imeonekana kuwa bandia, ya toleo namba ngapi, na katika nchi ipi. Mfamasia mwenye vitabu vingi asiyepata maonyo ni mlinzi mwenye silaha njema aliyegeuzia lango kisogo. Hivyo viwili hapana budi viende pamoja.

KITABU NACHO HUZEEKA

Boksi la dawa huandikwa tarehe ya kwisha muda. Kitabu hakiandikwi, ingawa nacho huharibika. Mfano ulio karibu ni malaria, ugonjwa usio mgeni katika joto la Bugarama. Mtu mwenye kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1998 atakuta humo klorokwini. Mwaka 2001 Rwanda iliiacha dawa hiyo kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea, ikachukua amodiakwini pamoja na salfadoksini-pirimethamini. Mwaka 2006 hizo nazo zilipisha dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Kisha mwaka 2020 watafiti walitangaza katika jarida la Nature Medicine kwamba ndani ya Rwanda wamevikuta vijidudu vyenye badiliko liitwalo R561H, linaloviwezesha kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto hizo. Katika muda wa miaka ishirini hivi, ukurasa mmoja wa kitabu umegeuzwa mara mbili na sasa unatikisika kwa mara ya tatu.

Kwa askari upo mfano mwingine. Meflokwini ilitumiwa kwa miaka mingi na majeshi ya nchi mbalimbali kuwakinga wanajeshi waendao katika nchi za malaria. Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa hiyo ibandikwe onyo kali kabisa, kwa kuwa huweza kuleta kizunguzungu, wasiwasi na maono ya ajabu, na mengine kati ya madhara hayo huweza kudumu hata baada ya mtu kuacha kuimeza. Mwaka 2016 kamati ya ulinzi ya Bunge la Uingereza iliichunguza kwa urefu namna dawa hiyo ilivyokuwa ikitolewa kwa wanajeshi. Askari aliyepewa dawa ya kinga kabla ya kusafiri kikazi ana haki ya kuuliza jina lake, na mfamasia wa kikosi ana wajibu wa kujua lililoandikwa juu yake mwaka huu, si lile alilofundishwa chuoni.

Na nyumbani je? Dawa za kikohozi zenye kodeini zilikuwa katika makabati ya familia nyingi. Tangu Aprili 2017 mamlaka hiyo ya Marekani imekataza kodeini kwa watoto walio chini ya miaka 12, kwani miili ya baadhi yao huigeuza kuwa mofini kwa haraka mno na pumzi ikazimika. Anayefuata kitabu cha zamani atampimia mtoto kijiko bila hofu.

PA KUANZIA NI NYUMBANI

Mfamasia wa Rusizi anayetafuta neno la kuaminika huanza na miongozo ya nchi yake mwenyewe. Hilo si suala la uzalendo mtupu. Vijidudu vya nchi moja havifanani na vya nyingine, na mwongozo wa taifa huandikwa kwa kufuata dawa zilizomo ghalani. Kina faida gani kitabu kiagizacho dawa isiyopatikana kutoka Kamembe hata Kigali? Wizara ya Afya ya Rwanda ilitoa mwaka 2012 miongozo ya tiba kwa matawi mbalimbali ya uganga, na tangu hapo imekuwa ikitoa mingine kwa magonjwa kama malaria, kifua kikuu na Ukimwi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ndiyo iandikishayo dawa zinazoruhusiwa na kutangaza zilizozuiwa. Desemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mamlaka hiyo imefikia daraja la tatu la uwezo wa kusimamia dawa, daraja ambalo Tanzania ilikuwa ya kwanza kulifikia barani Afrika, mwaka 2018.

Baada ya hapo ndipo atazame mbali. Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1977, na kwa kawaida hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Kitabu cha dawa cha Waingereza, British National Formulary, kimekuwa kikitolewa tangu mwaka 1949, na wenye kusoma Kifaransa wana Vidal, iliyoanza mwaka 1914. Madaktari Wasio na Mipaka nao hutoa bure miongozo ya tiba na ya dawa muhimu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, iliyoandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na mitambo mikubwa. Kwa zahanati ya mpakani, vitabu hivyo vya mwisho pengine vyafaa kuliko vyote vya fahari.

Majina ya dawa yahitaji uangalifu wa peke yake. Paracetamoli ya Ulaya huitwa asetaminofeni Marekani, na salbutamoli huitwa albuteroli. Mama aliyepewa zote mbili za kwanza na watu wawili tofauti huweza kumzidishia mtoto dozi maradufu, akidhani ni dawa mbalimbali. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limekuwa likitangaza majina ya kimataifa tangu mwaka 1953, na mfamasia mwangalifu hulitafuta jina hilo, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Kuna pia msemaji mwenye ulimi mtamu kuliko wote, naye ni wakala wa kiwanda. Huja na makaratasi ya rangi, kalamu na tabasamu. Asemayo si lazima yawe uongo, bali hulipwa ili auze, wala hakuna amlipaye kutaja dawa ya bei nafuu ifanyayo kazi ileile. Na simu za mkononi zimeongeza wasemaji wasio na idadi. Mwaka 2020, wakati wa Korona, habari zilienea simuni kwamba klorokwini huponya ugonjwa huo. Nchini Nigeria watu walilazwa hospitali kwa kujinywea dawa hiyo kupita kiasi, na miezi michache baadaye majaribio makubwa ya tiba yalionyesha kwamba dawa ya ukoo huohuo haikuwaokoa wagonjwa waliolazwa. Habari isiyo na jina la aliyeiandika, wala mwaka, wala jina la taasisi, haistahili kumfikia mgonjwa hata kama imetumwa na rafiki.

MBELE YA DIRISHA

Familia nayo ina sehemu yake katika kazi hii. Mathalani dawa mseto ya malaria iliyokwisha kutajwa: mtu mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, yaani vidonge 24. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza, nayo dawa yote hufaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, ili mwili uipokee. Mama akiambiwa tu "nne asubuhi, nne jioni" hana budi kuuliza yaliyobaki. Mfamasia asiye na hakika na kitu afungue kitabu mbele ya mteja bila haya. Anayeheshimu kazi yake hufanya hivyo kila siku.

Tena boksi lisitupwe kabla mgonjwa hajapona. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa, na dawa za maji zilizokutwa na sumu ya dayethilini glaikoli zikahusishwa na vifo hivyo. Aprili 2024, Nigeria ilipotangaza kuiona sumu hiyo katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoagiza toleo hilo lirudishwe, ingawa watengenezaji walisema vipimo vyao havikuiona sumu. Mama aliyekuwa ametupa boksi hakuwa na njia ya kujua kama chupa yake imo au haimo.

Vivyo hivyo dawa ikimletea mgonjwa vipele, kukakamaa au kulewa kusikotazamiwa, boksi na chupa virudishwe kwa aliyevitoa. Yeye huandika fomu yenye jina la dawa, namba ya toleo, kipimo na yaliyotokea, na kuipeleka kwa mamlaka Kigali. Kutoka nchi mbalimbali taarifa za namna hiyo hukusanywa katika kituo cha Uppsala, Sweden, kilichoanza kazi mwaka 1978 chini ya mpango uliobuniwa baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu kwa sababu ya dawa ya thalidomaidi, iliyoondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961. Fomu iliyoandikwa Gihundwe au Mibilizi husomwa huko pamoja na za nchi nyingine, na onyo litakalotumwa siku moja kwa wafamasia wa dunia nzima laweza kuwa limeanzia katika karatasi hiyo.